Kliniki ya bure ya kodi maktabani Hamilton: walivyotunyooshea gharama za malezi ya watoto

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibakiza nitaieleza mbele. Nianze na hizi nne, maana najua familia nyingi za Waswahili hapa Ontario zinazolipa dola mia na kitu kila masika kujaziwa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, na pesa wanazotoa kulelewa watoto ama zinajazwa vibaya, ama hazijazwi kabisa. Sisi tulikuwa kundi la kwanza, na ilitugharimu.

Kliniki yenyewe hufanyika kwenye maktaba moja hapa Hamilton, mwezi wa tatu na wa nne. Wanaohudumu ni watu wa kujitolea walio chini ya mpango wa Mamlaka ya Mapato ya Kanada, yaani CRA, na hawapokei hata senti. Masharti yao ni kwamba kipato cha familia kiwe cha kawaida tu, na mambo yako yawe mepesi: mshahara, posho, pensheni, karatasi za chuo. Mwenye biashara atafute pengine.

Nyumbani tuko wanne. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, siyo zamu kamili. Mume wangu yuko ghalani. Mwaka 2024 binti yetu alikuwa na miaka 4 na kaka yake 8. Binti tunamwacha kwa mama mmoja anayelea watoto nyumbani kwake, dola 30 kwa siku. Kijana akitoka darasani anabaki kwenye programu ya jioni hapo hapo shuleni mpaka mmoja wetu atoke kazini, na Julai anakwenda kambi ya mchana. Ukijumlisha mwaka mzima, binti alitumia dola 6,600 na kaka yake 1,400. Dola 8,000 kwa watu wa mshahara wetu ni pesa inayoumiza, na ndiyo maana sheria inaruhusu uipunguze kwenye kipato chako kabla hakijatozwa kodi. Fomu yake ni T778, na jumla yake huingia mstari wa 21400.

Sasa nirudi nyuma mwaka mmoja. Ritani zetu za 2023 alitujazia mtu wa kulipwa aliyekuwa amepanga meza kwenye kituo cha maduka. Sitamtaja. Alitutoza dola 150 kwa wote wawili na alimaliza kwa dakika ishirini. Gharama za watoto zilikuwa dola 7,200 mwaka huo, na zote akaziweka kwenye ritani ya mume wangu. Nilimuuliza kwa nini kwake. Akajibu kwamba yeye ndiye anayepata zaidi, kwa hiyo atarudishiwa zaidi. Niliona ni hesabu yenye akili. Marejesho yalikuja mazuri, tukalipa deni la matairi ya theluji.

Mwezi wa nane ikaja bahasha ya kahawia. CRA wanaomba risiti za malezi. Tukatuma zote tulizokuwa nazo. Mwezi wa kumi ikaja ya pili: dai lote limeondolewa, tunadaiwa dola 5,200 na ushee, na riba inahesabiwa kila siku. Mume wangu alisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari, akaenda kazini. Hatukuizungumza kwa siku mbili. Mwezi wa kumi na moja posho ya watoto nayo ikaingia pungufu kwa dola 81, na ikaendelea hivyo kila mwezi, kwa sababu posho ile inapimwa kwa kipato halisi cha familia, yaani kinachobaki baada ya mapunguzo kama hili, na kwa macho yao kipato chetu kilikuwa kimepanda kwa dola 7,200. Nilikwenda pale kwenye maduka. Meza haikuwepo. Palikuwa pameshawekwa mtu wa kuuza vifuniko vya simu.

Kwa hiyo nilipofika maktabani Machi 2025 sikwenda kutafuta huduma ya bure tu. Nilikwenda nikiwa na ile barua mkobani, na nilikuwa na hofu.

Aliyenipokea ni mama mtu mzima, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Kwanza alinisainisha fomu ya kumruhusu kuona taarifa zangu, akanieleza kuwa hakuna nakala yangu hata moja itakayobaki kwao. Kisha, kabla hajagusa kompyuta, akaanza kuuliza. Nani kati yenu ana kipato kidogo? Kuna aliyekuwa shuleni mwaka uliopita? Kuna aliyelazwa hospitali wiki mbili au zaidi? Mliwahi kutengana? Nani hasa anawalea watoto, kampuni au mtu binafsi? Umri wake? Ni ndugu yenu?

Hapo ndipo nilipofahamu kilichotupata. Kwa wanandoa wanaoishi pamoja, kanuni ni kwamba gharama za malezi zinadaiwa na yule mwenye kipato halisi cha chini. Siyo hiari, na hamchagui kwa kuangalia nani atarudishiwa zaidi. Mwenye kipato cha juu anaruhusiwa katika hali maalumu tu, na yale maswali ya mama yule yalikuwa yanazipitia moja baada ya nyingine: mwenzake alikuwa masomoni, au ni mgonjwa asiyeweza kulea, au yuko gerezani, au ndoa ilivunjika wakatengana siku 90 na zaidi. Sisi hatukuwa na hata moja. Mtu wa dola 150 hakutuuliza hata swali moja katika hayo.

Mama yule alichukua kipande cha karatasi akanionyesha kwa kalamu. Mshahara wangu wa 2024, dola 24,000. Akagawa kwa tatu, akazidisha kwa mbili: 16,000. Hicho ni kikomo cha kwanza, theluthi mbili za kipato changu cha kazi. Chini yake akaandika 8,000 kwa mtoto ambaye mwaka ulipoisha hajafika miaka 7, na 5,000 kwa aliye kati ya 7 na 16. Akajumlisha: 13,000. Akaniambia mtoto mwenye ulemavu uliothibitishwa na CRA kikomo chake ni 11,000. Nikamuuliza kama binti angetumia dola 9,000 ingekuwaje, akasema vikomo vya watoto vinajumlishwa kwanza, kwa hiyo zile za ziada zingemezwa na nafasi aliyoiacha kaka yake. Gharama zetu za 8,000 zilikuwa chini ya vikomo vyote. Ile karatasi ninayo hadi leo, niliiweka pamoja na risiti.

Kisha akazishika risiti, na kazi ikakwama.

Risiti za programu ya jioni na za kambi hazikuwa na shida, zimetoka kwenye taasisi. Za yule mama mlezi zilikuwa karatasi za kitabu cha kaboni, zimeandikwa kwa mkono: tarehe, jina la mtoto, "Nimepokea dola 600", sahihi. Mama wa maktabani akaweka ncha ya kalamu kwenye nafasi tupu chini ya sahihi, akaniambia hapa inakosekana namba yake ya bima ya jamii, ile SIN. Mlezi akiwa mtu binafsi, risiti lazima iwe na namba hiyo. Bila hiyo dai likikaguliwa linaweza kuanguka, na bila shaka ilichangia kutuangusha mwaka uliotangulia. Alikataa kunijazia hivyo hivyo. Alinipa miadi ya Jumamosi iliyofuata, akasema nikiipata tutamaliza siku hiyo hiyo.

Jioni ile nilipokwenda kumchukua binti nilikaa jikoni kwa yule mama mpaka watoto wote wakaondoka. Nilipomwambia ninachotaka, uso ulibadilika.

"Dada, namba yangu ya nini tena? Si nimekuandikia risiti?"

Nikamweleza. Akanyamaza, anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Alikuwa ametishwa na watu kwamba akitoa ile namba, serikali itamchukulia kila alichopata na posho ya wanawe ikatwe. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia ukweli: kile ninachomlipa ni kipato chake, na anatakiwa kukitangaza. Lakini nilimwambia pia nililoambiwa maktabani, kwamba anayelea watoto nyumbani kwake anahesabiwa kama mwenye biashara ndogo, na anaruhusiwa kutoa gharama zake kwanza: chakula anachowapikia, vitu vya kuchezea, sehemu ya kodi ya nyumba na ya umeme. Kinachotozwa ni kile kinachobaki. Na tarehe yake ya mwisho ya kuwasilisha ni Juni 15, siyo Aprili 30 kama sisi wa mshahara, ingawa akidaiwa, kulipa ni Aprili 30 vile vile.

"Basi nipe siku mbili nimuulize mtu," akasema.

Siku ya tatu aliniandikia risiti mpya mbili, moja ya 2023 na moja ya 2024, jumla ya mwaka mzima kila moja, na ile namba aliiandika huku ameiziba kwa mkono wa kushoto watoto wasione. Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu najua walezi wengi wanaokataa katakata, na mzazi anaweza kupoteza dai lake. Ushauri wangu kwa mzazi yeyote: swali la namba uliulize siku ya kwanza ya kumpeleka mtoto, wakati mnapatana bei. Ukingoja Machi ya mwaka unaofuata, unamwomba mtu jambo ambalo hakulikubali.

Jumamosi tulirudi wote wawili, na tulikaa saa moja na dakika ishirini. Kuna mambo aliyoyakata. Masomo ya kuogelea ya kijana, dola 180, hayakuingia, kwa sababu mafunzo ya michezo hayahesabiwi kuwa malezi. Kambi ya Julai ilikubalika, kwa kuwa tulimpeleka huko ili sisi tuweze kwenda kazini. Nauli, nguo, matibabu, ada ya masomo, vyote havimo.

Swali la ndugu lilituchekesha kidogo, tena na kutufunza. Mdogo wake mume wangu, binti wa miaka 16, alikuwa amemshika mtoto Jumamosi kadhaa na tukampa pesa. Haikubaliki: ni wifi yangu na hajafika miaka 18, na malipo kwa ndugu wa chini ya umri huo hayadaiwi. Mume wangu akauliza, je, angekuwa mpwa wetu? Mama akasema kwa kanuni hizi mpwa hahesabiwi kuwa ndugu, wala shangazi, wala mjomba. Tukatazamana. Kwetu mpwa ni mwanao kabisa, unamsomesha na kumuoza! Lakini ndivyo ilivyo, na kwa familia zetu zinazolea watoto kwa kusaidiana inafaa kulijua. Bibi naye analipika, mradi atoe risiti yenye SIN na atangaze kipato hicho. Bibi aliyekuja kwa viza ya kutembea tu, asiye na SIN, hapo hakuna dai. Na huwezi kumlipa mwenzako wa ndoa au mzazi wa mtoto kisha ukadai.

Halafu ikaja sehemu ambayo sikuwa hata nimewahi kuisikia. Mkoa wa Ontario una nafuu yake yenyewe ya malezi, juu ya lile punguzo la serikali kuu. Fomu ni ON479-A. Inatokana na kiasi kile kile kilichokubaliwa kwenye T778, na inazidishwa kwa asilimia inayotegemea kipato cha familia: asilimia 75 kwa familia isiyozidi dola 20,000, kisha inashuka ngazi kwa ngazi mpaka inaisha kabisa familia ikivuka dola 150,000. Kipato chetu baada ya punguzo kilikuwa dola 54,000, na asilimia yetu ikawa 53. Asilimia 53 ya 8,000 ni dola 4,240. Hii ni pesa unayolipwa hata kama hudaiwi kodi yoyote. Mume wangu alimwomba arudie hesabu. Akarudia, polepole, bila kuonyesha kuchoka.

Ukiangalia hapo ndipo utaona kwa nini ile bahasha ya kahawia ilikuwa nzito vile. Dai la watoto lilipoanguka kwenye ritani ya mume wangu, halikuanguka peke yake. Liliivuta nafuu ya Ontario, dola 3,816, likaivuta na posho ya kila mwezi. Kosa moja la kuweka namba kwa mtu asiye wake, na mambo matatu yakaporomoka.

Ritani zetu za 2024 alizituma kwa mtandao tukiwa tumekaa pale pale. Siku kumi baadaye taarifa za tathmini zikatoka na pesa zikaingia benki.

Kuhusu 2023, alituambia wazi kwamba kwenye kliniki yao hawarekebishi ritani za zamani zilizojazwa na wengine. Lakini hakutuacha hivyo hivyo. Alituambia kwamba mtu anaweza kuomba marekebisho hadi miaka kumi nyuma, akatuandikia jina la fomu, T1-ADJ, na mstari wa kubadilisha, kwenye ritani yangu mimi na siyo ya mume wangu. Niliijaza mwenyewe nyumbani usiku mmoja, nikaambatanisha T778 mpya, ON479-A, na nakala za risiti zenye namba. Wakati huo tulikuwa tumeshakubaliana na CRA kulipa lile deni dola 150 kwa mwezi.

Sasa ile nyota moja. Simu ya kuweka miadi niliipiga kwa siku nne ndipo ikapokelewa, na nafasi za Jumamosi zilikuwa zimebaki mbili. Hilo ningelisamehe, ni watu wa kujitolea. Nisilolisamehe ni orodha yao ya vitu vya kuja navyo. Inataja karatasi za mshahara, kitambulisho, barua ya tathmini ya mwaka uliopita. Kwenye malezi imeandikwa neno moja tu: risiti. Haisemi kwamba mlezi akiwa mtu binafsi risiti iwe na SIN yake. Mstari mmoja ungetosha. Kwa kukosa huo mstari nilikwenda mara mbili na nikapoteza nusu zamu, na mama mwenye mtoto mgongoni niliyemkuta kwenye foleni Jumamosi ile alirudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Sijui kama alipata nafasi tena kabla ya Aprili 30. Niliwaachia maoni kwenye karatasi yao na natumaini wameyasoma.

Jingine ni lugha. Siku zile mbili hapakuwa na mhudumu wa Kiswahili. Mimi nilimtafsiria mume wangu. Ambaye Kiingereza kinampa shida aje na mtu anayemwamini, maana yale maswali ndiyo yanayobeba kila kitu, na ukiitikia tu "yes" bila kuelewa, utajaziwa usichokikusudia.

Tena, risiti zote mziweke pamoja na mzitunze miaka sita. Hazitumwi na ritani, lakini siku wakiziomba wanazitaka zote.

Barua ya marekebisho ya 2023 ilifika wiki ya mwisho ya Juni. Dai limekubaliwa kwangu, nafuu ya Ontario imerudishwa, na posho ya watoto ikapandishwa pamoja na malimbikizo ya zile dola 81. Sehemu kubwa ya deni la mume wangu ilifutika kwa pesa hiyo. Hazikurudi zote, kwa sababu kodi yangu ni ndogo kuliko yake na punguzo kwangu lina thamani ndogo, na riba nayo ilikuwa imeshakula yake. Zile 150 za mtu wa maduka hazikurudi kabisa.

Na Januari hii yule mama mlezi alinipa risiti ya mwaka mzima kabla sijamwomba, ndani ya bahasha, imeandikwa jina lake, anwani, kiasi, na zile tarakimu tisa.